Nani Atasoma Daftari la Maafa?

Kwenye msiba wa Kariakoo, awe aliyefariki ni mzee wa Kizaramo wa Mtaa wa Sikukuu au mwenye fremu tatu Msimbazi aliyezaliwa Rombo, kuna meza ndogo inayowekwa pembeni ya turubai. Nyuma yake anakaa kijana mwenye mwandiko unaosomeka, na mbele yake daftari la kaunta la kwaya mbili lililopigwa mistari kwa rula. Unasalimia, unatoa pole, unasogea mezani, unataja jina na kutoa ulichonacho. Elfu mbili inaandikwa. Elfu hamsini inaandikwa. Mama ntilie aliyekuja na mchele kilo tano anaandikiwa mchele wake, kilo kwa kilo. Siku ya kuanua matanga, kabla watu hawajatawanyika, mwenyekiti wa kamati husimama akasoma: kilichoingia ni hiki, kilichotumika kwenye sanda, gari na chakula ni hiki, kilichobaki anakabidhiwa mfiwa mbele yenu. Daftari linawekwa kabatini. Miaka mitatu baadaye linafunguliwa tena: fulani alikuja kwetu, alitoa kadhaa, leo kwao kumefiwa, sisi tunakwenda na nini?

Sina hakika kama kuna taasisi nyingine mjini hapa inayofunga hesabu zake kwa siku tatu, mbele ya wote waliochangia, bila kuajiri mkaguzi.

Nalitaja daftari hilo kwa sababu kuna swali ambalo hurudi kila maafa yanapotokea, na mara nyingi huulizwa upande upande. Je, kilio cha hadharani na michango tunayotoa vinawasaidia kweli waliopigwa na mafuriko, tetemeko au maporomoko ya tope? Mwenye hasira hujibu kwamba machozi hayaezeki nyumba. Mwenye huruma hujibu kwamba kutoa ni moyo. Wote wawili, ukiwasikiliza vizuri, wanamzungumzia mtoaji: mmoja anamwona mnafiki, mwingine anamwona mwema. Aliyepoteza nyumba hayumo kwenye mazungumzo yao. Daftari linamzungumzia yeye. Linasema anadaiwa na kudai, kwamba jana alikuwa mtu miongoni mwa watu na kesho atakuwa hivyo tena.

Rambirambi haikuwahi kuwa fidia. Hakuna mfiwa aliyewahi kuhesabu bahasha akasema sasa tumelingana na marehemu. Kazi yake ni kumvusha mtu siku zile ambazo mikono yake haishiki kitu, na kumwonyesha kwamba bado yumo kwenye hesabu za wenzake. Kwa kazi hiyo, kwa siku hizo, sijaona kinachoizidi.

Asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa nne lilianguka kwenye makutano ya mitaa ya Mchikichi na Congo. Wa kwanza kufika hawakuwa na kofia ngumu wala mashine. Walikuwa wachukuzi, mawinga, machinga na wenye maduka ya jirani, watu ambao dakika tano kabla walikuwa wakigombea wateja. Walichimba kwa mikono, kwa nondo, kwa chochote. Chini ya kifusi watu walikuwa wanapiga simu. Kwa matundu yaliyopatikana walipelekewa maji, glukosi na hewa ya oksijeni, na vikosi vya uokoaji vilipokuja na zana vilikuta kazi imeanza zamani. Zaidi ya watu 80 walitolewa wakiwa hai katika siku zile. Waliokufa walifikia wapatao 30.

Hakuna aliyewatangazia mchango wale wachukuzi. Hawakuulizwa wanatoa nini. Walitoa mikono, na kuna watu wanaotembea leo kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba wema wa raia ni mapambo tu. Saa za kwanza ni za jirani, na hivyo ndivyo ilivyo karibu kila mahali duniani: ardhi inapotikisika Uturuki au Haiti, wengi wanaookolewa hutolewa na watu wa mtaa wao, kabla ndege ya misaada haijatua.

Siku mbili baadaye, Jumatatu, majeneza yalipangwa viwanja vya Mnazi Mmoja. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliongoza waombolezaji kuaga miili, na serikali ilisema itabeba gharama za mazishi na matibabu. Kuna wanaokebehi siku kama ile: viti vya mbele, kamera, miwani myeusi, itifaki ya kutaja nani alianza kupita mbele ya jeneza. Mimi sitaikebehi. Kijana aliyekuja Kariakoo kuuza vitenge vya watu kwa kamisheni, ambaye siku zote hufukuzwa barazani asizibe njia, siku hiyo taifa lilisimama kwa ajili yake. Mzazi wake aliliona hilo, na mtu aliyewahi kuzika anajua kwamba jambo hilo lina uzito. Kilio cha hadharani hutamka kwamba kifo hiki kimehesabiwa.

Halafu ikaundwa kamati ya watu 19 kukagua majengo ya Kariakoo. Hapo ndipo ninapoanza kukaa mkao wa kusikiliza, kwa sababu kamati ni ahadi. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Kutoka hapo hadi Mchikichi ni mwendo wa miguu, unafika hujatokwa jasho sana. Nako tulilia. Nako viongozi walikuja, majengo yakaahidiwa kukaguliwa, na miaka 11 ikapita.

Utaniambia kwamba jengo kuanguka si janga la asili. Ni kweli, chini ya lile la Mchikichi, kama ilivyoelezwa wakati ule, watu walikuwa wakichimba nafasi ya maduka. Lakini teremka kutoka Kariakoo kwa Barabara ya Morogoro kuelekea Magomeni, simama darajani Jangwani, kisha uniambie ni wapi mkono wa Mungu unapoishia na mkono wa binadamu unapoanzia.

Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu na kuingia baharini karibu na daraja la Salenda. Jina lake na la bonde lake tunayataja kila wiki bila kufikiri, kwa sababu ya mpira: Simba ni Wekundu wa Msimbazi, Yanga ni wana Jangwani, na watani wao huwaita Yanga vyura kwa sababu uwanja wao wa Kaunda ukijaa maji hugeuka bwawa. Tunacheka, na utani una haki yake. Ila ukweli wenyewe ni kwamba mji mzima unajua maji hufika wapi. Unajua kiasi cha kuutungia mzaha.

Desemba 20, 2011, mji ukiwa bado umepambwa kwa sherehe za miaka 50 ya Uhuru, mvua ilinyesha ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haijaonekana Dar es Salaam tangu 1954. Bonde likafurika. Watu wapatao 40 walikufa, maelfu wakalala kwenye madarasa ya shule. Michango ilikuja kwa wingi, na sehemu kubwa ya michango ya aina hii hununuliwa hapahapa Kariakoo: mablanketi, magodoro, ndoo, sufuria, khanga, unga, maharage. Malori hupakiwa mbele ya maduka ya jumla, bango la mtoaji hufungwa ubavuni kabla mzigo haujafungwa turubai. Kufa kufaana. Sioni aibu kwa muuza magodoro, kwani biashara ndiyo kazi yake, na bila bei za Kariakoo mchango uleule ungenunua nusu ya vitu.

Januari 2012 familia za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande, pembezoni kabisa mwa Kinondoni, zikapewa mahema na viwanja. Kwa karatasi, huo ulikuwa msaada mkubwa kuliko magodoro yote. Ardhi! Nani mjini hapa anapewa ardhi bure? Na bado, miaka haikupita mingi, baadhi ya waliopewa waliuza au waliviacha viwanja wakarudi Jangwani, Suna, Kigogo. Mji ukawasema. Wakaitwa wakaidi, wakaambiwa msiba wa kujitakia hauna kilio.

Lakini fikiria mtu anayeishi kwa kupakua mizigo Kariakoo. Kazi inapatikana alfajiri, fuso zinapoingia. Hana mshahara wala mkataba, ana mgongo na jina linalojulikana kwa wenye maduka kadhaa. Bondeni anapanda kwa miguu dakika chache. Mabwepande anahitaji nauli ya kwenda na ya kurudi kabla hajashika hata gunia moja, na akifika, wenzake wameshamaliza lori. Alipewa kitu ambacho serikali ilikuwa nacho, yaani ardhi ya mbali. Alichopoteza kilikuwa ukaribu, na hicho hakikuwa kwenye orodha ya misaada. Hakuna mtu aliyemuuliza. Aliulizwa na fomu.

Tena, kama kujenga bondeni ni msiba wa kujitakia, basi tuuseme wote. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa wapi? Jangwani, bondeni kabisa, baada ya mafuriko ya 2011, na wataalamu, ramani na fedha za mkopo vikiwepo. Imefurika mara nyingi, mabasi yamelala kwenye tope, barabara imefungwa, abiria wa Kimara na Mbezi wamepandishwa daladala. Hakuna aliyeiambia karakana hiyo kwamba msiba wake hauna kilio. Ilihesabiwa hasara, ikaombewa bajeti. Mama mwenye chumba cha matofali mabichi mita mia mbili kutoka hapo ndiye aliyeambiwa alijitakia.

Mwaka 1755 tetemeko liliangamiza Lisbon, na wanafalsafa wa Ulaya wakagombana juu ya Mungu na uovu. Jean-Jacques Rousseau alimwandikia Voltaire mwaka uliofuata akimkumbusha jambo dogo: si maumbile yaliyorundika pale maelfu ya nyumba za ghorofa sita na saba. Miaka mia mbili na sabini, na bado tunahitaji kukumbushwa. Mvua ni ya Mungu. Nani analala mahali ambapo mvua hiyo itapita, na kwa nini hana pengine pa kulala, hayo ni mambo ya ofisi zenye milango na saa za kazi.

Hapa ndipo wasiwasi wangu kuhusu kilio cha hadharani unapoanzia. Sina shaka na machozi. Nina shaka na siku ya nne, bendera inapopandishwa tena kutoka nusu mlingoti na redio kurudia miziki yake. Kwenye msiba wa mtaani, mwisho wa matanga ni wakati wa kusoma. Kwenye msiba wa taifa, mwisho wa matanga ni wakati wa kunyamaza, kana kwamba kulia ndiko kulikuwa malipo.

Jambo hilo si geni, na Kariakoo yenyewe ni shahidi. Eneo hili Wajerumani walikuwa wamejenga banda la soko, wakitarajia kulifungua pamoja na maonyesho ya mwaka 1914. Vita vikaingia, Waingereza wakauchukua mji mwaka 1916, na hapa wakaweka kambi ya wapagazi wao wa kijeshi, ambao jina la kikosi chao ndilo tunalolitaja leo tukimwambia konda atushushe. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa Afrika Mashariki, wengi zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Vita vilipokwisha, mishahara ya waliokufa ambayo ndugu zao hawakuidai, kwa sababu hawakujua waidai wapi, ikawa fedha iliyokaa. Watawala wa makoloni waliomba itumike kwa manufaa ya watu wa kule wapagazi walikotoka. London ikakataa. Kilichopatikana ni sanamu. Sanamu ya Askari ilizinduliwa mwaka 1927 na ipo hadi leo, shaba safi, bunduki yenye singe ikielekea bandarini, na watalii huipiga picha. Ni heshima, sikatai. Lakini serikali iliyoomboleza kwa shaba ndiyo hiyo iliyokataa kulipa kwa shilingi.

Kila ninapoona hundi ya mfano, lile bango kubwa la kadibodi ambalo watu wanne hulishika kwa vidole huku wakitazama kamera, huikumbuka ile shaba.

Tuje Bukoba. Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera, likaua watu 17 na kubomoa nyumba kwa maelfu. Nchi ilichanga kweli. Mabalozi, makampuni, wabunge, wanafunzi, watu wa kawaida kwa simu zao. Kabla mwezi haujaisha, Rais Magufuli aliwatengua katibu tawala wa mkoa na mkurugenzi wa manispaa, kwa tuhuma kwamba ilifunguliwa akaunti ya pili yenye jina linalofanana na la akaunti rasmi ya maafa. Watu wakashangilia utenguzi. Kisha, Januari 2017, akiwa Bukoba, Rais mwenyewe aliwaambia wananchi kwamba serikali haikuleta tetemeko na haitamjengea kila mtu nyumba. Fedha zingekwenda kwenye miundombinu ya umma, zikiwemo shule.

Sasa hapa mtu mwenye haki lazima aende polepole. Shule ya Ihungo ilibomoka kabisa na ikajengwa upya, nzuri kuliko ilivyokuwa. Shule ni ya watoto wa wengi, na ukigawa mabilioni machache kwa nyumba zote zilizoathirika unaweza kuishia kumpa kila mmoja bati kumi na pole. Kama hoja ya uchumi, inasimama. Lakini aliyechanga alichanga nini? Aliona kwenye televisheni bibi amekaa juu ya tofali mbele ya ukuta uliolala, akatuma elfu kumi kwa ajili ya ukuta ule. Kama elfu kumi yake imejenga bweni, huenda imefanya kazi bora zaidi, ila aliyebadilisha matumizi alikuwa nani, na alimuuliza nani? Kwenye msiba wa Mtaa wa Mafia, mwenyekiti akisema hela ya chakula tumeipeleka kukarabati msikiti, hata kama msikiti ulihitaji, hatoki pale salama.

Dini zetu zililijua hili mapema. Injili na mafundisho ya Kiislamu yote yanausifu mkono wa kulia unaotoa bila wa kushoto kujua, na bango la ubavuni mwa lori halijawahi kusifiwa popote. Lakini siri ya mtoaji haina maana ya siri ya hesabu. Zaka ina kiwango chake, na Kurani imewataja wanaostahili kuipokea, makundi manane, ili mkusanyaji asije akajiamulia. Maskini kwenye zaka hapewi fadhila. Anapokea fungu lake. Nadhani tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kupokea bila kuinamisha kichwa, na yeyote aliyewahi kupanga foleni ya unga na mtoto mgongoni huku akipigwa picha anaielewa bila kueleweshwa.

Kuna kona ya Kariakoo inayoelekea Ilala, hadi soko la Karume, ambako huruma ya watu wa mbali tunaivaa. Nguo za mitumba, ambazo zamani waliziita kafa Ulaya, nyingi zilianzia kwenye masanduku ya hisani ya huko: mtu alitoa koti lake akiamini linamwendea maskini. Liliuzwa, likafungwa kwenye robota, likauzwa tena, likashuka bandarini, na hapa limetundikwa kwenye henga kwa bei ya kupatana. Maskini amelinunua. Sisemi ni dhambi, nami shati nililovaa lilitoka huko. Nasema tu kwamba watu wa Kariakoo, kuliko wengi duniani, wanajua hisani isiyofuatiliwa huishia wapi: sokoni.

Na kilio nacho kina soko lake. Mwezi Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule wa El Nino zilikuwa zimeua watu 155 na kuathiri zaidi ya watu 200,000. Mia moja hamsini na tano ni mara tano ya waliokufa Mchikichi. Lakini walikufa mmoja hapa, watatu kule, nyumba imeangukia mtoto mkoa huu, mtumbwi umepinduka mkoa ule, mashamba ya Rufiji yamezama kimyakimya wiki hadi wiki. Hapakuwa na mahali pamoja pa kuweka kamera. Kwa hao hatukuaga miili Mnazi Mmoja. Hapa ndipo ninapowapa haki wanaotilia shaka maombolezo ya hadharani: yanafuata mwonekano wa kifo, hayafuati ukubwa wa hasara, na michango hufuata maombolezo. Aliyekufa peke yake huzikwa na kijiji chake.

Hanang ilikuwa tofauti kidogo, na inafaa kuangaliwa. Desemba 3, 2023, tope na mawe vilishuka kutoka mlimani vikapita Katesh na vijiji vya jirani, vikaua watu 89. Rais Samia alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi na alikatisha safari. Misaada ikaja, na kama kawaida nguo zikawa nyingi kuliko waliozihitaji. Lakini Desemba 2024 familia zilikabidhiwa nyumba 109 eneo la Waret, baadhi zikiwa zimejengwa na Chama cha Msalaba Mwekundu. Mwaka mzima wa kusubiri ni mrefu kwa anayesubiri, na nyumba haimrudishii mtu ng'ombe wala shamba lililofunikwa na mawe. Hata hivyo zilijengwa, na nadhani moja ya sababu ni kwamba nyumba ni kitu kinachohesabika. Zinatakiwa ngapi, zimesimama ngapi, za nani. Mwandishi wa habari anaweza kwenda akazihesabu kwa kidole. Ahadi ya kusimama bega kwa bega na waathirika haihesabiki, ndiyo maana viongozi wa nchi zote huipenda.

Kuna huruma ya aina nyingine ambayo haina kilio kabisa. Kuanzia 2015 wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam na wakazi wa kata zinazofurika walipita mtaa kwa mtaa, chini ya mradi wa Ramani Huria, wakichora kila mfereji, kila nyumba, kila alama ya maji ukutani. Wazee waliulizwa: mwaka ule maji yalifika wapi? Wakaonyesha kwa mkono, kiunoni, kifuani. Hakuna picha ya kusisimua katika kazi hiyo, hakuna hundi ya kadibodi, na ni vigumu kuchangisha harambee kwa ajili ya mfereji. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi: kuinua daraja la Jangwani, kuhamisha karakana ya mwendokasi, kuwalipa wakazi fidia wahame, na kufanya bonde liwe bustani. Wakazi wamelalamikia viwango vya fidia, wengine wamepinga tathmini. Naona malalamiko hayo ni dalili ya afya. Anayelalamikia fidia anajiona ana haki. Aliyepewa blanketi hulazimika kushukuru.

Kwa hiyo jibu langu kwa lile swali ni hili. Kilio cha hadharani kinasaidia kwa siku tatu, na kwa siku hizo tatu hakina mbadala. Mchango unasaidia kwa miezi mitatu, ukifika. Baada ya hapo vyote viwili huanza kumsaidia aliyelia na aliyechanga, wanaojisikia wamemaliza wajibu, isipokuwa pale ambapo waliolia wanabaki kuwa wadai. Wachukuzi wa Mchikichi walitoa mikono bila kuombwa. Wanastahili kuambiwa, kwa majina ya mitaa na namba za viwanja, ni majengo gani wanayopita chini yake kila siku yamekutwa mabovu na yamefanywa nini.

Na sisi tuliobaki tuna mahali pa kuanzia. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka uwepo mfuko wa maafa wa taifa, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, unaopaswa kuwa na fedha kabla maji hayajaja ili tusianze kupitisha kofia maiti zikiwa hazijazikwa. Bajeti ya ofisi hiyo husomwa bungeni Dodoma mwezi Aprili, masika yakiwa yamekolea. Mbunge wako anayo namba ya simu, na kipindi cha kuchangia hoja anacho. Muulize mfuko una shilingi ngapi mwaka huu, zilizotoka zilikwenda wapi, na kwa nani.